Siri Isiyo ya Mtu Mmoja

Wapo watakaoona kwamba jambo hili halifai kuandikwa na mtu wa umri wangu, tena mwenye wajukuu wanaojua kusoma. Nawaomba wanivumilie. Tumelinyamazia mno, na ukimya wetu haujamponya mtu hata mmoja.

Ninalodai ni hili. Mtu aliyepimwa akakutwa na ugonjwa wa zinaa, uwe kisonono, kaswende, pangusa, klamidia au virusi vya UKIMWI, ana deni. Anadaiwa na kila mtu aliyelala naye katika muda ambao ugonjwa ulikuwa mwilini mwake. Deni lenyewe si fedha, wala si kuomba radhi, ingawa radhi nayo ina mahali pake. Deni ni habari: "Nenda ukapime, maana huenda nawe unao." Nasema ni deni wala si hisani, kwa sababu mwenye kudai hana njia nyingine ya kujua kuwa anadai. Mwanamke mwenye kisonono au klamidia aghalabu haoni dalili yoyote. Kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi, hupona chenyewe, na aliyekuwa nacho hudhani yamekwisha, kumbe ugonjwa umeingia ndani. Mwenye virusi vya UKIMWI anaweza kukaa miaka kadhaa akilima, akicheza mpira na kuimba kwaya. Mwili wake hautamwambia. Asipoambiwa na mtu, ataambiwa na nani?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ilimfikiria mgonjwa mmoja na maradhi yake mwenyewe. Haya ninayoyasema hayana mgonjwa mmoja. Anayeyaficha huumbuliwa, naam, lakini mara nyingi wa kwanza kuumbuliwa ni mwenzake, na wa pili ni mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Nimeishi Mpanda tangu enzi ilipokuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, kabla Mkoa wa Katavi haujaundwa mwaka 2012. Huu ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa na Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi. Machimbo yale yakafungwa, reli ikabaki, na watu wakaendelea kushuka stesheni. Leo wako wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao huhama kila wanaposikia kwamba mahali fulani pametoka. Wako wavuvi wa Karema na Ikola katika Ziwa Tanganyika. Wako wafugaji walioshuka na ng'ombe zao kutoka Usukumani, wako wanunuzi wa mpunga wanaokwenda Mpimbwe wakati wa mavuno, wako madereva, walimu wapya, askari, na watu wa Katumba na Mishamo ambao wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972. Mume hukaa machimboni miezi minne na mke yuko shambani. Wote wawili ni binadamu.

Mahali pa namna hii ugonjwa husafiri haraka kuliko habari yake. Na habari ikikosekana, uvumi hushika nafasi. Mwenyeji husema ugonjwa umeletwa na wachimbaji. Wachimbaji husema umeletwa na wahudumu wa baa. Wahudumu wa baa husema umeletwa na madereva. Na wote wakikosa wa kumsingizia husema umeletwa na wakimbizi. Mchezo huu si wa kwetu peke yetu. Kaswende ilipoenea Ulaya zaidi ya miaka 500 iliyopita, Waitaliano waliiita ugonjwa wa Wafaransa, na Wafaransa wakaiita ugonjwa wa Napoli. UKIMWI ulipoingia Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983, watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa na wafanyabiashara wa mpakani. Kila taifa na kila kijiji kimetafuta mgeni wa kumtwika mzigo. Ni rahisi kuutaja ugonjwa kwa jina la kabila la mwingine kuliko kwenda kwa mtu mmoja unayemjua kwa jina, ukamwambia, "Kapime."

Sasa tazama jinsi habari hii inavyofika majumbani mwetu, pale inapofika. Mwanamke akishika mimba huenda kliniki. Huko hupimwa damu. Mwanamume hana mimba, kwa hiyo hana kliniki. Matokeo yake ni kwamba ugonjwa wa watu wawili huonekana kwanza katika damu ya mmoja, tena yule mwenye kauli ndogo zaidi nyumbani. Hutibiwa, kisha hupewa karatasi ampelekee mumewe ili naye aje. Karatasi ile ni nyepesi sana mkononi mwa mganga anayeiandika. Mbebe mwanamke huyo mpaka nyumbani kwake, uone jinsi inavyozidi uzito njiani.

Namfahamu mama mmoja, jirani yetu wa miaka mingi, aliyeniruhusu niandike habari zake mradi nisimtaje. Mimba yake ya kwanza iliharibika. Ya pili, mtoto alizaliwa mfu. Watu wakasema amelogwa, na fedha za mahindi ya mwaka mzima zikaishia kwa waganga. Mimba ya tatu alipimwa, akakutwa na kaswende, akachomwa sindano, akapewa karatasi. Aliifunga katika ncha ya khanga yake. Mumewe aliporudi kutoka machimboni alimwandalia maji ya kuoga, akampakulia chakula, akawa anatafuta neno la kuanzia. Hakulipata. Alimwambia mke wangu baadaye, "Mama, ningemwambia ningekuwa mimi ndiye niliyeileta. Anayeitaja ndiye mwenyewe." Karatasi ikatiwa jikoni. Wakalala pamoja kama mke na mume walalavyo, na ugonjwa uliotolewa kwa sindano ukarudi kwa njia ile ile. Mtoto wa tatu naye alizaliwa mfu.

Msomaji asidhani nimeteua kisa cha ajabu ili kumtisha. Watafiti waliofanya kazi Mwanza walichapisha mwaka 2002 kwamba, miongoni mwa wajawazito wenye kaswende iliyokolea ambao hawakutibiwa, mmoja katika kila wanne alizaa mtoto mfu. Waliona pia kwamba sindano moja ya penisilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo, ilitosha kuwafikisha wanawake hao pale pale walipo wasio na ugonjwa. Sindano moja! Dawa tunayo, kipimo tunacho, na watoto bado tunazika, kwa sababu sindano ile inataka itangulizwe na sentensi moja ambayo hakuna aliyetufundisha kuisema.

Na wanaoingia katika mambo haya si watu wazima tu. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha kwamba katika Mkoa wa Katavi wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba ya kwanza. Hakuna mkoa nchini uliotupita. Mimba haiji bila ya kile kinacholeta magonjwa. Je, binti wa miaka 16 aliyepewa karatasi ampelekee mtu mwenye pikipiki na mke, ataifikisha?

Tunapenda kusema kwamba mjumbe hauawi. Katika jambo hili mjumbe tunamwua. Tunampiga, tunamfukuza, tunamrudisha kwao na kudai mahari. Nawaambia wanaume wenzangu bila kuficha: kauli ya kwamba anayetaja ugonjwa ndiye aliyeuleta ni uongo, na sisi tunajua kuwa ni uongo, kwani wengi wetu tumewahi kutibiwa dirishani mwa duka la dawa na kurudi nyumbani kimya. Ujanani mwetu kisonono kilihesabiwa karibu alama ya uanaume. Kijana alipata maumivu, akanunua vidonge, akameza nusu, nusu akamwachia rafiki. Mke hakuambiwa kitu. Baada ya miezi mke akaumwa tumbo, baada ya miaka akaitwa tasa, na mume akaoa mwingine kwa sababu wa kwanza hazai. Ni nani hapo aliyekuwa tasa wa haki?

Najua hoja nitakazojibiwa, na afadhali nizijibu mapema.

Wa kwanza watasema: hii ni aibu, mambo ya chumbani yasitoke chumbani. Nakubali yasitoke. Mimi sitaki yatangazwe sokoni wala kanisani wala msikitini. Nataka yafike kwenye chumba kingine ambamo ugonjwa umekwisha kuingia. Tena wahenga hao hao waliotufundisha haya ndio waliosema mficha uchi hazai.

Wa pili watasema: dawa ya yote ni watu kuacha uzinzi. Sipingi mahubiri hayo. Lakini mahubiri humfikia mtu kabla ya jambo. Mimi naongea juu ya siku inayofuata, jambo likiwa limekwisha kutendeka. Mke aliyetulia shambani hakuzini. Mtoto aliyezaliwa na usaha machoni kwa kisonono cha mamaye hakuzini. Kumnyima habari asiye na kosa kwa kuwa mwenye kosa anastahili aibu, hiyo ni haki ya namna gani?

Wa tatu watasema: haya ni magonjwa madogo, la kuogopwa ni UKIMWI tu. Hawa warudi tena Mwanza. Kati ya mwaka 1991 na 1994 vijiji vya mkoa ule vilishiriki katika utafiti mkubwa. Baadhi vikaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya, vingine vikasubiri. Katika vile vilivyoboreshewa, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takriban asilimia 40. Ni kweli kwamba tafiti za baadaye huko Uganda, zilizotumia njia tofauti, hazikupata matokeo hayo, na wataalamu wamebishana sana. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyesema kidonda kisichotibiwa ni mlango uliofungwa.

Wa nne ndio wenye nguvu zaidi, nao watasema: iwekwe sheria, asiyesema afungwe. Sheria ipo. Bunge letu lilitunga mwaka 2008 Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, nayo inamtaka anayejua kuwa ana virusi amjulishe mara moja mwenzi wake, na anayeambukiza kwa makusudi anaweza kufungwa miaka mitano hadi kumi. Sheria hiyo inakijua kirusi kimoja tu. Kaswende iliyowazika watoto wa jirani yangu haimo. Wala haimwambii mwanamke mwenye karatasi aseme nini usiku ule. Majirani zetu wa Kenya walitunga ya kwao mwaka 2006, na mwezi Machi 2015 Mahakama Kuu ikakitangua kifungu cha 24, ambacho pamoja na mambo mengine kilimlazimisha mtu kuwajulisha wale aliogusana nao kimwili, kwa kuwa kilikuwa na maneno yasiyoeleweka mipaka yake na kiliingilia faragha.

Mabavu yamekwisha kujaribiwa zamani. Hospitali ya Mulago ilianza mwaka 1913 kwa ajili ya magonjwa ya zinaa, na serikali ya kikoloni ya Uganda ikaja na upimaji wa lazima. Watu waliuchukia, na mengi yaliyoandikwa kuwa kaswende yaelekea yalikuwa buba, ambayo haihusiani na zinaa. Huko Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kanuni ya mwaka 1942 iliruhusu mtu aliyetajwa na wagonjwa wawili alazimishwe kutibiwa; wengi wa waliotajwa wakawa wanawake. Ndivyo fimbo ya sheria inavyofanya kazi katika mambo haya: humwangukia aliyepimwa kwanza. Na kwetu anayepimwa kwanza ni nani? Ukimtishia mtu kifungo kwa kujua, atachagua kutojua.

Kuna na mabavu madogo tunayoyaita utaratibu. Mjamzito akifika kliniki peke yake, mahali pengine huambiwa arudi na mume, au alete barua ya mwenyekiti wa kijiji kuthibitisha kwamba mume hayupo. Nia ni njema, mume apimwe. Lakini mume yuko machimboni, barua ina usumbufu wake, na mama anakata tamaa, anakaa nyumbani hadi mwezi wa nane. Tumemwadhibu aliyekuja kwa kosa la asiyekuja.

Basi nifanyeje, utauliza, nikikataa ukimya na nikakataa fimbo? Njia zipo, na zimejaribiwa na watu weusi kama sisi katika nchi maskini kama yetu. Kwanza, mgonjwa mwenyewe amwambie mwenzake, akiwa amefundishwa maneno. Pili, akubaliane na mhudumu wa afya tarehe: "Mume wangu anarudi mwisho wa mwezi; nikishindwa hadi tarehe 5, mwiteni ninyi." Tatu, mhudumu amtafute mwenzi bila kumtaja aliyemtaja. Nne, wakae wote watatu, mhudumu akiwa ndiye msemaji. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba msaada wa namna hii utolewe kwa wenye virusi vya UKIMWI, kwa hiari yao. Njombe walikuwa wamekwisha kuujaribu katika hospitali tatu mwaka 2015. Kati ya wenzi waliofika kupimwa, zaidi ya nusu walikutwa na virusi. Huko Kampala, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wagonjwa wa magonjwa ya zinaa waliokabidhiwa dawa yenyewe wawapelekee wenzi wao walifanikisha matibabu ya wenzi zaidi ya mara mbili kuliko waliokabidhiwa karatasi ya kuwaita. Mchimbaji aliye porini, umbali wa siku nzima kutoka zahanati, hatakuja kwa karatasi. Dozi kamili mkononi mwa mkewe anaweza kuimeza, pale ambapo mganga ameona inafaa.

Sidai kwamba njia hizi hazina miiba. Mume mwenye mke mmoja akiitwa na zahanati bila kutajiwa jina, hahitaji kupiga ramli. Ndiyo maana nasema mwanamke anayeogopa kupigwa asilazimishwe kufungua kinywa, na aulizwe hofu hiyo kabla ya kukabidhiwa chochote. Na ndiyo maana nasema dawa ya kudumu ni kuwapima wanaume huko huko waliko: machimboni, mialoni, mnadani, kwenye mashine za mpunga, mara kwa mara, hata pasipo mgonjwa. Wanaume wakiwa na kliniki yao, habari haitakuwa ikiingia nyumbani siku zote kwa mlango wa mwanamke. Tangu mwaka 2019 sheria yetu inaruhusu mtu ajipime mwenyewe virusi vya UKIMWI. Nani anatuzuia kuvipeleka vipimo hivyo kambini?

Zamani, kumwambia mtu kwamba huenda ana UKIMWI ilikuwa kama kumsomea hukumu. Wengi walinyamaza kwa huruma, nami sitawahukumu marehemu. Leo hukumu hiyo haipo. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004; anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Aliyeingia hatarini jana anaweza kupewa dawa ya kuzuia maambukizi akiwahi ndani ya saa 72. Saa 72, ndugu msomaji: siku tatu. Anayenyamaza leo kwa huruma anamnyima mwenzake siku hizo tatu.

Yabaki maneno, maana najua ndipo wengi wanapokwama. Napendekeza haya: "Nimepimwa, nimekutwa na ugonjwa. Nimetibiwa. Nawe nenda ukapime. Mengine tutaulizana baadaye." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Habari ije kwanza, kesi ifuate. Aliyeuleta ugonjwa, lini, wapi na kwa nani, ni maswali ya haki, na yana baraza lake, wazee wake na machozi yake. Lakini bakteria hawasubiri baraza liishe.

Nawe unayeambiwa, hasa wewe mwanamume, jibu lako lisizidi maneno haya: "Ahsante kwa kuniambia. Nitakwenda kesho." Uende kweli. Ukishapimwa, utakuwa na majina yako mwenyewe ya kuyakumbuka, na kila jina hapo linakudai.